Chaki kwenye kamba: shajara ya kumfunza mtoto wa mbwa, wiki ya 8 hadi mwezi wa 9

Chaki ni mbwa jike wa rangi ya kahawia, miguu ya mbele myeupe, masikio bado hayajaamua yasimame au yaanguke. Kazi ni mbili: atembee na kamba bila kumvuta aliyeishika, na akae ndani ya nyumba yenye watu wanne bila kuigeuza uwanja wa vita. Naandika kila hatua ikikamilika. Zilizokwenda zenyewe nazipitia haraka. Zilizogoma ndizo zenye faida kwa anayetaka kufuata njia hii, hivyo hizo nitazieleza kwa kirefu, pamoja na kilichotutoka.

2 Machi, wiki ya 8: vifaa na chanjo

Vilivyonunuliwa kabla hajafika: mkanda laini wa shingoni wenye kibati cha namba ya simu, kamba ya kawaida ya urefu wa kama mita mbili, kizimba cha waya, geti dogo la kuzuia mlango wa jikoni, vitu vya mpira vya kutafuna, na dawa ya madoa yenye vimeng'enya. Kizimba ni cha saizi ya mbwa mzima, chenye ukuta wa ndani unaosogezwa kadiri anavyokua. Nafasi imtoshe kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Ukimwachia kona ya ziada ataifanya choo, kisha alale upande wa pili.

Tulipewa pia kamba inayojirefusha, ile yenye springi ndani ya kishikio cha plastiki. Imeenda kabatini moja kwa moja. Kamba ile hukaa imekaza muda wote, na mbwa akivuta inaongezeka. Yaani siku ya kwanza tu unamwonyesha kwamba kuvuta kunampa nafasi.

Dozi ya kwanza ya chanjo alishapata. Zinazofuata zinakuja kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka apite wiki ya 16. Hapa pana mvutano ambao kila mwenye mtoto wa mbwa anakutana nao. Virusi vya parvo, vinavyoleta kuhara kunakoua watoto wa mbwa, vinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo asikanyage mahali wanapopita mbwa usiowajua. Lakini muda ambao akili ya mbwa inapokea mambo mapya bila woga unaanza kama wiki ya 3 na kufifia kufikia wiki ya 14 hivi, kabla chanjo hazijakamilika. Ukisubiri sindano ya mwisho, mlango wenyewe umeshafungwa nusu. Madaktari wa mifugo wa Marekani waliobobea katika tabia za wanyama walilisemea hilo mwaka 2008: mtoto wa mbwa anaweza kuanza madarasa na kukutana na wengine akiwa na wiki 7 au 8, siku 7 angalau baada ya chanjo ya kwanza, mradi mahali ni safi na wenzake wamechanjwa.

Tulichofanya sisi: kumbeba. Amekaa mapajani akitazama pikipiki, watoto wa shule, watu wenye kofia, mwavuli ukifunguliwa, mashine ya kukata nyasi kwa mbali. Kila kitu kipya kinaambatana na kitonge kidogo cha chakula. Na mbwa mzee wa rafiki, mpole na mwenye chanjo zote, alimtembelea na kumfundisha adabu kwa mngurumo mmoja tu.

10 Machi, wiki ya 9: haja

Kanuni inayotajwa sana ni kwamba mtoto wa mbwa anaweza kubana kwa saa zisizozidi umri wake kwa miezi, ukiongeza moja. Ni kikomo, si ratiba. Kwa kweli anatoka kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na katikati ya usiku pia. Sehemu hiyo ni usingizi tu unaoupoteza, haina siri.

Kilichogoma ni hiki: anatolewa nje, ananusa ua zima, hafanyi kitu. Anarudishwa ndani, anakwenda moja kwa moja kwenye zulia la sebuleni na kukojoa huku akikutazama usoni. Tulidhani ni ukaidi. Baada ya kumwangalia kwa makini jambo likawa wazi. Nje, akimaliza tu kukojoa, tulikuwa tunamnyanyua na kumrudisha ndani. Kwa upande wake, kukojoa ndiko kulikomaliza raha ya ua. Mbwa mwenye akili lazima akawie.

Tuligeuza mpangilio. Anatoka akiwa na kamba, tunasimama mahali pamoja pa kuchosha, hakuna mazungumzo. Akikojoa anapewa kitonge palepale, si baada ya kurudi ndani, halafu kamba inafunguliwa na mchezo unaanza. Sasa mkojo ndio unaonunua uhuru. Mabadiliko yalionekana haraka kuliko tulivyotegemea.

Zulia lilikuwa na tatizo lake la pili. Tulikuwa tunalisafisha kwa dawa ya sakafu yenye amonia, na harufu ya amonia iko karibu na harufu ya mkojo. Kila tulipofuta, tulikuwa tunaweka kibao cha choo. Dawa yenye vimeng'enya huvunja mabaki ya mkojo yenyewe badala ya kuyafunika kwa manukato. Hata hivyo zulia lilikunjwa na kuhifadhiwa mpaka mwezi wa tano wa umri wake. Sakafu tupu inafutika.

Mama, ambaye yuko kwetu kwa sasa, alishauri tumpeleke pua kwenye mkojo na kumgombeza. "Si unaona anajua? Tazama anavyoinamisha kichwa." Kichwa anainamisha kweli. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilipima jambo hilo: wenye mbwa waliwakataza kula kitu, wakatoka chumbani, na wakirudi wakaambiwa kama mbwa alikula au hakula, mara nyingine kwa uongo. Sura ile ya "hatia" haikufuata kosa, ilifuata kugombezwa, na ilijitokeza zaidi kwa mbwa waliogombezwa bila kufanya lolote. Mama alisikiliza, akasema bado anaamini anajua. Lakini ameacha mambo ya pua.

21 Machi, wiki ya 10: meno

Meno 28 ya utotoni, membamba na makali, na vifundo vyetu vya miguu ndivyo vilivyo karibu zaidi na usawa wake.

Tulijaribu kupiga ukelele wa maumivu, ushauri unaorudiwa kila mahali kwa sababu ndugu zake wa uzao mmoja ndivyo wanavyoambiana. Kwa baadhi ya mbwa unafaa. Kwa Chaki ulikuwa mafuta kwenye moto. Tulijaribu kumsukuma mdomo kwa mkono, akaona mkono umeingia mchezoni. Mwanangu mdogo alikimbia huku akipiga kelele, na hapo Chaki akagundua mchezo bora kuliko yote.

Kilichosaidia kina sehemu mbili, na ya pili ndiyo tuliyochelewa kuiona. Ya kwanza: akishika ngozi, mchezo unakufa. Mtu anasimama, anavuka geti la jikoni, anahesabu kimya hadi kama 20, anarudi na kitu cha mpira mkononi. Hakuna hotuba. Mtoto naye alifundishwa kusimama tuli na kukunja mikono kifuani, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kumfundisha mbwa.

Ya pili ni usingizi. Mtoto wa mbwa wa umri huu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Wetu alikuwa halali hivyo, kwa sababu kila akifumba macho kuna mtu anapita, naye anaamka asije akakosa kitu. Jioni anakuwa kichaa: anang'ata, anakimbia duara, anararua pindo za suruali. Tuliita hiyo nguvu nyingi na tukamchezesha zaidi ili achoke. Alikuwa ameshachoka tangu mchana. Tulipoanza kumwingiza kizimbani kulala baada ya kila kipindi cha kama saa moja ya kuwa macho, kitambaa juu, kitu cha kutafuna ndani, ung'ataji wa jioni ulipungua zaidi ya mbinu nyingine zote zikijumlishwa.

Kilichotutoka katika hatua hii: waya wa chaja (bahati njema haukuwa kwenye umeme), kandambili za kila mmoja upande mmoja mmoja, na kona ya mguu wa meza.

3 Aprili, wiki ya 12: kamba, lakini ndani ya nyumba

Mkanda wa shingoni alivalishwa wakati wa kula, akausahau. Kamba alianza kwa kuiburuta sebuleni tukimwangalia, ili uzito wake uwe kitu cha kawaida. Kisha ukaja msamiati mmoja wa muhimu: neno fupi linalomwambia "hapo hapo umepatia". Letu ni "Ndiyo!" Linasemwa, kisha kitonge kinatoka, mara nyingi mfululizo, mpaka masikio yanainuka akilisikia. Ni kanuni ile ile aliyoieleza Ivan Pavlov zaidi ya miaka mia iliyopita. Faida yake ni usahihi: mkono unachelewa kufika mfukoni, neno halichelewi.

Mafunzo yenyewe: kutembea kwenye ukumbi, Chaki upande wa kushoto, kila hatua aliyo kando ya mguu inapata "Ndiyo" na kitonge. Siku za mwanzo alikuwa anatangulia na kunigeukia uso kwa uso, nusura nimkanyage. Chanzo kilikuwa mkono wangu. Nilikuwa nashika vitonge kwa mkono wa kulia na kumpa mbele ya magoti yangu, hivyo alikuwa anakwenda mahali chakula kinapotokea, kama mtu yeyote mwenye busara. Kitonge kilipohamia mkono wa kushoto, kikitolewa usawa wa mshono wa suruali, kichwa chake kikahamia hapo. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii kwa ajili ya kamba, chukua hicho: anakopewa ndiko anakokaa.

Vitonge vinatokana na mgao wake wa chakula wa siku, vinapimwa asubuhi na kuwekwa kwenye kopo. Vya thamani zaidi, kuku aliyechemshwa bila chumvi, vinatunzwa kwa kazi ngumu. Vya ziada visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

27 Aprili, wiki ya 16: kukaa peke yake

Ilikwenda. Dakika chache akiwa na kitu cha kutafuna na sisi chumba cha pili, halafu nje ya mlango, halafu dukani na kurudi. Kuaga kwa mbwembwe kumepigwa marufuku, na kurudi pia. Chanjo za ratiba ya utoto zimekamilika, ya kichaa cha mbwa ikiwemo.

6 Mei, miezi 4: barabarani, na kila kitu kinabomoka

Ndani ya nyumba alikuwa anatembea vizuri sana. Nje ya geti, kamba ilikaza kabla hatujafika kona. Mbwa hahamishi somo kutoka mahali hadi mahali kwa urahisi tunaodhani: "tembea kando yangu ukumbini" na "tembea kando yangu kwenye harufu za paka wa mtaa mzima" kwake ni masomo mawili.

Tulianza na mbinu ya kusimama. Akivuta, unasimama wima. Akilegeza na kurudi kwako, anapata kitonge na safari inaendelea. Ni mbinu nzuri kwenye maelezo. Chaki aliichunguza, akaielewa kuliko sisi, na kutunga mtindo wake: anakwenda hadi mwisho wa kamba, anageuka mara moja, anarudi, anakula, anakwenda tena hadi mwisho wa kamba. Tulikuwa tumemfundisha kuvuta kama hatua ya kwanza ya kupata kuku.

Marekebisho yalikuwa kuwahi. Malipo yanatoka wakati kamba imelegea, kabla hajaanza kuvuta: mwanzoni kila hatua, kisha kila hatua mbili, tano, nane, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Akivuta tunasimama, ndiyo, lakini kurudi kwake peke yake hakulipwi. Tunatembea hatua kadhaa kando kando kwanza, ndipo kitonge. Tulipoona macho yanaelekea kitu kabla ya mwili, tuligeuka na kwenda upande mwingine, kwa sauti ya furaha. Matembezi ya mwanzo hayakufika popote. Kwenda na kurudi mbele ya geti, basi. Majirani walituangalia sana.

Bado matokeo yalikuwa yanapanda na kushuka, na sababu ilipatikana nyumbani. Asubuhi mke wangu anamtoa kabla ya kwenda kazini, ana haraka, kamba imekaza, wanafika. Jioni mwanangu mkubwa anakimbia naye. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye kila mvuto. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila kwa hesabu ya Chaki, kuvuta kulikuwa kunalipa baadhi ya siku. B. F. Skinner alionyesha kwenye majaribio yake na panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara moja moja ni ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara. Tangu hapo swali la nyumbani limekuwa moja kila tabia mbaya inapojitokeza: nani anamlipa?

Kumwambia mtu mwenye haraka asiwe na haraka ni kazi bure. Njia iliyotufaa ni kumpa Chaki mahali pawili pa kufungia kamba, kila pamoja na sheria yake. Hiyo ndiyo sehemu inayofuata.

1 Juni, karibu miezi 5: mkanda wa kifuani

Wa kwanza tuliununua kwa kutazama picha. Ulikuwa na utepe unaopita mlalo mbele ya kifua, na kila hatua ulikuwa unazuia bega lisifike mbele. Pia ulimchubua kwapa. Ukatolewa. Wa pili una umbo la Y mbele, mabega yako huru, vidole viwili vinapita chini ya kila utepe, na una pete mbili: moja kifuani, moja mgongoni.

Pete ya kifuani ni ya mafunzo. Akivuta, nguvu yake mwenyewe inamgeuza kuelekea kwako badala ya kumsukuma mbele. Haifundishi kitu yenyewe, inakupa tu nafasi ya kufundisha bila kuchoka mkono. Kulabu ikiwa hapo, sheria ya kamba iliyolegea inafuatwa na kila mtu bila msamaha. Pete ya mgongoni ni ya siku za haraka na za kukimbia: hapo sheria haipo, vuta utakavyo. Chaki anajua tofauti kwa mahali kulabu inapobofya. Mke wangu hagombezwi tena, na mafunzo hayachanganywi.

Wapo waliotushauri mnyororo unaokaba au mkanda wa miiba, kwa ahadi kwamba utamaliza tatizo kwa siku moja. Unaweza kuzuia mvuto, ndiyo. Lakini mbwa anayesikia maumivu shingoni kila akimwona mtoto mwenye baiskeli anaweza kuyaunganisha maumivu na mtoto, si na kuvuta. Tamko la mwaka 2021 la wale wale mabingwa wa tabia wa Marekani linasema mbinu za kulipa ndizo zitumike kwa mafunzo yote. Hatukuhitaji kubishana zaidi.

Jambo lililotupunguzia gharama ya kuku: harufu yenyewe ni malipo. Akitembea vizuri kutoka nguzo hadi nguzo, anaambiwa "Nusa!" na anaachiwa nguzo yote. Kile alichokuwa anakivutia sasa kinapatikana kwa kutovuta. Matembezi yamekuwa ya polepole, na anarudi ametulia zaidi kuliko akikimbizwa.

Na jua likiwa kali, mgongo wa kiganja unawekwa juu ya lami sekunde 7. Kama hauvumiliki, miguu yake pia haivumilii, tunasubiri jioni.

23 Juni, miezi 5 na nusu: mlango, wageni na meza

Kurukia watu. Tulimsukuma chini, tulisema "Shuka!", tukainua magoti. Kwa mbwa anayetaka kuguswa, kusemeshwa na kutazamwa, hayo ni matatu kwa mpigo. Isitoshe kila mtu alikuwa na neno lake: "shuka", "toka", "acha", "lala chini", na mdogo alikuwa anasema jina tu kwa sauti ya kulia. Karatasi imebandikwa kwenye friji: "Kaa", "Lala", "Acha", "Njoo", "Mkekani". Asiyekumbuka asome kwanza, amri baadaye.

Wageni ndio walipaji wakubwa. "Aa, mwache tu, mimi napenda mbwa," anasema mgeni mwenye shati jeupe, huku akimpapasa aliyesimama kwa miguu miwili. Ukishamkaribisha mgeni huwezi kumpa masharti kumi. Kwa hiyo Chaki anakutana na mlango akiwa na kamba, nimekanyaga katikati yake, kiasi kwamba anaweza kusimama na kukaa lakini si kuruka. Miguu minne ikiwa sakafuni kwa pumzi chache, mgeni anasogea na kumsalimu chini, usawa wa kifua. Ikiinuka, mgeni anarudi hatua moja. Sharti ni hilo moja tu, na wengi wanalipenda kwa sababu linaonekana kama mchezo.

Meza ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu aliyekuwa akilipa ni Mama.

"Mama, tafadhali usimpe mezani."

"Mwanangu, sijampa. Kimeanguka."

Kilianguka kila mlo. Tulipokubaliana sote kuacha, Chaki alizidi: akabweka, akaweka kucha kwenye paja, akalia kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia. Hilo linategemewa. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatika, hupanda kwanza ndipo ishuke. Ukilegeza katika kilele hicho umemfundisha kwamba kubweka kwa nguvu ndiko kunakofanya kazi. Nusura tulegeze. Kilichotuokoa ni kumpa Mama kazi badala ya kumpa katazo. Mkeka wa Chaki ulitandikwa hatua chache nyuma ya kiti chake, na kopo la vitonge likawekwa kando ya sahani yake. Chaki akilala mkekani, Mama anarusha kitonge kimoja pale. Akiinuka, kopo linafunikwa. Sasa Mama ndiye mkali kuliko wote, na anatusahihisha sisi.

Kopo lilikuwa na faida nyingine pia. Chakula cha watu kinachoanguka ni bahati nasibu: chokoleti, zabibu mbichi au kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu, na vitu vilivyokolezwa kwa zailitoli (kiongeza utamu kinachotumika badala ya sukari) vinaweza kumtia mbwa sumu, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

12 Julai, miezi 6

Meno ya kudumu yametoka, 42 kwa jumla. Kutafuna kumepungua. Zulia lilisharudi sebuleni. Mkanda wa kifuani umembana, tumenunua mwingine wa saizi ya juu. Panga bajeti ya miwili au mitatu kabla hajamaliza kukua.

9 Agosti, miezi 7: mbwa wengine

Akiona mbwa mwingine alikuwa anajirusha na kubweka. Tulimwita, tukamwonyesha kuku, hakuona kuku. Mbwa asiyeweza kula yuko karibu mno na kinachomsumbua, na hapo hakuna somo linaloingia. Tiba ni umbali. Tunavuka barabara mapema, tunasimama pale anapoweza kumwona mwenzake na bado akasikia jina lake. Anatazama mbwa: "Ndiyo", kuku. Anatazama tena: "Ndiyo", kuku. Baada ya muda akaanza mwenyewe kuona mbwa na kugeuka kunitazama, akidai haki yake. Umbali unapunguzwa kidogo kidogo, na siku mbaya unaongezwa bila kuona aibu. Bado tuko upande wa pili wa barabara, lakini kimya.

6 Septemba, miezi 8: amesahau jina lake

"Kaa" limekuwa pendekezo. "Njoo" anasikia, anafikiri, anaendelea na shughuli zake. Kwa mwalimu wa darasa la mbwa la hapa jirani anatii mara moja, jambo lililoniudhi mpaka nilipokumbuka utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020: mbwa wa miezi 8 walikuwa wazito kuitika amri ya "kaa" ya anayewalea kuliko walivyokuwa na miezi 5, lakini kwa mtu baki hawakuonyesha uzito huo. Ni umri, na unapita.

Hatukuongeza ukali. Tulirudi nyuma: ukumbini, kuku tena kwa vitu ambavyo alishavijua, matembezi mafupi mbele ya geti. "Njoo" halisemwi kama hatuna uhakika wa kuitikiwa, maana kila likipuuzwa linapungua nguvu. Na halitumiki kamwe kumwitia kuoga au kukatwa kucha. Kwa hayo tunamfuata alipo.

11 Oktoba, miezi 9: hesabu na kilichobaki

Kamba imelegea sehemu kubwa ya njia yetu ya kila siku. Inakaza kwenye geti la jirani mwenye mbwa wawili, na mvua ikianza. Wageni wanapokelewa bila kamba wakiwa wa kawaida, kwa kamba wakiwa watoto.

Kwa gharama, daktari na chanjo ndivyo vilivyokula zaidi, kisha chakula, kisha kizimba. Mikanda ya kifuani inafuata kwa sababu ya ule uliotupwa na ule uliokuwa mdogo. Vitonge havikuwa ghali, vingi ni chakula chake mwenyewe. Muda ndio uliokuwa mwingi, ila uligawanyika: vipindi vya dakika chache mara kadhaa kwa siku, kabla ya milo. Tulipojaribu kipindi kirefu kimoja mwisho wa juma, wote tulichoka na hakuna aliyejifunza.

Kinachofuata ni kuitwa kutoka mbali. Kamba ya mita 10 imeshanunuliwa, itafungwa kwenye pete ya mgongoni na kamwe si shingoni, kwa sababu akikimbia hadi mwisho wake atasimamishwa ghafla. Uwanja wa mpira unakuwa mtupu asubuhi na mapema. Tutaanzia hapo, Mama akishika kopo.